Nikisema Mpira, Umeona Nini?

Hotuba kwa walimu wa Kiswahili wa shule za msingi na wazazi, Magomeni, Dar es Salaam. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Walimu wangu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, hamjambo? Wakubwa zangu wote, shikamooni. Nashukuru kwa nafasi hii, tena asubuhi ya Jumamosi ambayo kila mmoja wenu alikuwa na shughuli yake.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa msamiati. Nimechagua neno moja tu, na nitakaa nalo mpaka nishuke hapa. Neno lenyewe ni mpira.

Nikisema mpira, umeona nini? Jibuni tu, msiogope.

Nimesikia "Yanga" upande huu, na "Simba" kwa sauti kubwa zaidi upande ule. Sawa, tutafika huko. Mama pale mbele amesema mpira wa kumwagilia bustani. Kijana kule amesema mpira wa manati. Na kuna wawili watatu wamecheka bila kujibu, na sote tunajua walichokiwaza. Hicho nacho tutakisema, maana hapa tuko watu wazima.

Mmejibu tofauti na wote mmejibu sawasawa. Sasa nauliza: mtoto wa darasa la tatu akikuta swali linasema "Andika maana ya neno mpira", na mbele yake kuna mstari mmoja tu wa kujaza, aandike nini? La kwenu mama? La huyu kijana? La wale waliocheka?

Hapo ndipo nilipokuja kusimama leo. Tumezoea kumpa mtoto neno na maana yake moja, aikariri, tuhamie neno linalofuata. Mimi nasema tukifanya hivyo tunamnyang'anya mtoto lugha ambayo tayari anayo mdomoni. Neno linafahamika kwa kazi linazofanya, mahali linapofanya kazi hizo, na maneno linaloandamana nayo. Tena maneno ya kila siku, yale tunayoyaona mepesi kiasi kwamba hatuyafundishi, ndiyo yaliyobeba mengi.

Naomba tuanze na mti.

Walimu, mnaijua hii: mti, miti, mwembe, miembe, mkoko, mikoko, mkorosho, mikorosho. Mpira, mipira. Je, mmewahi kujiuliza mpira unafanya nini kwenye ngeli hiyo? Vitu vingi vya mviringo katika Kiswahili vimekaa LI-YA: yai na mayai, chungwa na machungwa, jicho na macho, tonge na matonge, donge na madonge, tufe na matufe. Mpira umejitenga nao, umekwenda kukaa na miti. Najua ngeli hiyo ina mkate na mfuko pia, na hivyo havikuota popote. Lakini kwa mpira sababu iko wazi. Neno hili lilikuwa la mmea kabla ya kuwa la kitu kinachodunda.

Mmea wenyewe ni wa huku kwetu. Katika misitu ya pwani, na kule bara ya Kilwa, kuna mtambaazi unaopanda juu ya miti mingine na ukichanjwa hutoa utomvu mweupe. Wataalamu wanauita Landolphia, na aina mojawapo, Landolphia kirkii, imepewa jina la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza kule Unguja. Wazee wetu wa karne ya 19 hawakuhitaji jina hilo. Waliuita mpira. Mtu alichukua kisu akaingia msituni, akachanja mtambaazi, akaupaka ule utomvu kwenye mkono wake mwenyewe mpaka ukagandia. Kisha akaubandua na kuuviringa, akachanja tena, akaongeza juu yake, mpaka akapata donge la kubeba. Madonge hayo yaliteremshwa pwani yakauzwa kwa wafanyabiashara, yakavuka bahari.

Mmeliona hilo? Mmea unaitwa mpira. Utomvu wake unaitwa mpira. Donge linalofika sokoni, la mviringo, nalo ni mpira. Hakuna aliyekaa mezani akatunga maana tatu. Kazi ya mikono ndiyo iliyolitembeza neno, kutoka kwenye shina mpaka kwenye kiganja.

Sasa nataka niwavushe bahari kidogo, kwa sababu jambo hili lilitokea mahali pengine mbali kabisa na sisi. Kule Mexico, watu wa kale waliujua utomvu wa namna hii kutoka kwenye mti mwingine. Wanaakiolojia wamechimbua mipira yao mizima kwenye chemchemi ya El Manatí, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Waliicheza kwa nyonga, kwenye viwanja vilivyojengwa kwa mawe. Katika lugha ya Kinahuatl, malighafi ile iliitwa olli, na jina la mchezo likatokana na neno hilo hilo. Watu waliotenganishwa na bahari mbili, ambao hawakuwahi kusikiana, walipita njia moja: kutoka utomvu hadi mchezo. Mimi jambo hili linanifurahisha sana kila nikilikumbuka, na ningependa kila mtoto wa Tanzania alisikie akiwa bado mdogo.

Wajerumani walipokuja walitaka mpira kwa wingi, wakapanda mashamba Tanga, Muheza na Morogoro. Mti walioupanda ulitoka Brazili, jina lake la kitaalamu ni Manihot glaziovii. Walimu wa sayansi mtaligundua hilo neno la kwanza: huo ni ukoo wa muhogo. Ndugu kabisa wa muhogo tunaokula. Lakini huku wakipanda, mashariki ya mbali kulikuwa na mti mwingine unaotoa mpira mwingi na mzuri zaidi. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa ametoa mbegu zipatazo 70,000 za mti huo Brazili na kuzipeleka bustani ya Kew, London, na miche yake ikaishia Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Malaya, Malaysia ya leo. Mashamba ya kule yalipokomaa, bei duniani ikaanguka, na kufikia 1913 wenye mashamba ya huku walikuwa wameshindwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na Japani ikaiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza wakakumbuka ile mipira ya zamani ya Tanganyika, watu wakarudishwa kuichanja, na wengine walikwenda kwa kulazimishwa.

Kwa hiyo mtu mzima wa Muheza akikuambia "tulicheza chini ya mpira", ana maana ya kivuli. Mwanafunzi wa Dar es Salaam atacheka. Asicheke, aelezwe.

Nimalizie sehemu hii na mtu mmoja. Mpira mbichi una tabu: kwenye joto unanata, kwenye baridi unakatika. Mmarekani Charles Goodyear alihangaika nao miaka mingi, akafungwa kwa madeni, mpaka akagundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto unakuwa imara na bado unavutika. Hataza yake ya Marekani, ile hati ya kulinda uvumbuzi, ni ya mwaka 1844. Alikufa mwaka 1860 akiwa bado anadaiwa. Ile kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine. Kila tairi la daladala lililowaleta hapa asubuhi hii, kila tyubu, kila ndala ya mpira, msingi wake ni ile salfa na ule moto.

Haya, twende uwanjani. Najua mlikuwa mnasubiri.

Kanuni za mpira wa miguu zinasema mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mpira wa chandimu hauna kanuni hiyo. Una mafundi. Nani hapa hajawahi kutengeneza mpira? Unatafuta soksi iliyokwisha kazi, unashindilia matambara ndani, au sufi ya mto kama mama hajui. Unazungushia mifuko ya nailoni, unakaza, unazungusha tena. Halafu unafunga kwa kamba ya katani, fundo kwa fundo, mpaka iwe wavu. Aliyebahatika anapata vipande vya tyubu ya baiskeli, vile tunavyofungia mizigo, ambavyo navyo vinaitwa mipira. Kwa hiyo unasikia mtoto anasema, bila kutatizika hata kidogo, "Lete mpira nifunge mpira." Mtu wa nje ataomba afafanuliwe. Mwenzake anampa tyubu.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mitaro yetu. Lakini mtaani kwangu mafundi wadogo walipata kazi ya kutafuta malighafi mpya, na niliwaona wakirudi kwenye matambara na sponji za magodoro. Mpira wao ukawa mzito zaidi ukilowa. Nayataja haya kwa sababu mwalimu anayetaka mtoto aandike insha yenye uhai, insha hiyo iko hapo hapo nje ya dirisha la darasa.

Wasichana nao wana mpira wao wa rede. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Kwingine mchezo huo unaitwa nage. Mpira wa rede lazima uwe laini, maana utakupata mgongoni. Na shuleni wana mpira wa pete, ambao jina lake ni zuri mno: pete pale juu, mpira unapita ndani ya pete.

Halafu neno likaondoka kwenye kitu likaingia kwenye mchezo wenyewe. "Leo kuna mpira." Kwa mji huu, siku ya watani wa jadi, sentensi hiyo haihitaji kuongezwa kitu. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, Jangwani na Msimbazi, na uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000 umejaa kabla jua halijageuka. Hapo mpira ni tukio. "Mpira umekwisha" maana yake muda umekwisha, ingawa mpira wenyewe uko pale pale kwenye majani. "Yule dogo ana mpira mwingi" maana yake ana kipaji. "Leo hawakucheza mpira" utalisikia likisemwa na mtu aliyekaa dakika 90 akiwatazama wakiucheza. Hapo neno limekuwa kipimo cha ubora! Mtoto wa miaka sita analijua hilo, na hakuna aliyemfundisha darasani.

Watangazaji wetu wana kabumbu, wana kandanda, wana soka, wana gozi. Yote mazuri. Lakini sikiliza mtu akiwa na hasira au furaha ya kweli, atasema mpira.

Na mtaani neno likazaa misemo. Mnakumbuka yule mtoto mwenye mpira? Kila mtaa alikuwepo. Akifungwa, au akiambiwa akae golini, anaunyanyua anautia kwapani, anakwenda kwao. Mchezo umekufa. Leo gazeti likiandika kwamba upande mmoja wa mazungumzo "umetia mpira kwapani", msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa kwamba wamesusa na kuondoka. Anamwona yule mtoto mgongo. Na kutupiana mpira je? Mtaro wetu uliziba wakati wa masika, tukaenda ofisi moja, wakatuambia hilo ni la ofisi nyingine. Tukaenda hiyo nyingine, wakaturudisha ya kwanza. Maji yanaingia ndani, wakubwa wanatupiana mpira. Mtoto anayejua rede anauelewa msemo huu mara moja, kwa sababu amewahi kuwa yule wa katikati.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague neno hili. Naomba tusikilizane vizuri.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, alishikwa usiku. Mkojo haukutoka tangu mchana. Wanaume wenzangu wa umri wangu mnajua tezi dume. Tulimpeleka hospitali, tukapokelewa vizuri, na muuguzi kijana akamwambia kwa adabu kabisa, "Babu, usiwe na wasiwasi, tutakuwekea mpira."

Mzee alinyamaza. Kisha akageuza uso ukutani. Mkwewe alikuwa pale, mwanamke. Mzee akasema hataki, arudishwe nyumbani. Muuguzi akasisitiza, "Babu, bila mpira hutapona." Kadiri alivyosisitiza ndivyo mzee alivyokasirika. Kwa sababu yeye alisikia mpira mwingine. Alisikia ule uliowachekesha wenzetu hapa mwanzo. Alijiuliza, katika umri huu, mbele ya mke wa mwanangu, wanivalishe kitu hicho kwa ugonjwa gani?

Mwenye maumivu hayo kila dakika kwake ni ndefu. Kibofu kimejaa, mtu anatoka jasho, na tiba iko hatua mbili kutoka kitandani. Kilichozuia ni neno.

Aliyetuokoa ni mhudumu mmoja mama mtu mzima. Alikaa kwenye ncha ya kitanda akasema, "Shikamoo, baba. Ni mrija mwembamba huu, tazama. Unapita njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu. Huku ndani una kiputo kidogo kinachojazwa maji ili usichomoke, na huku nje mkojo unaingia kwenye mfuko. Ndiyo mpira wa mkojo." Mzee akauliza, "Mpira wa mkojo?" Akajibiwa, "Wa mkojo, baba." Akakubali.

Je, yule muuguzi kijana alikosea Kiswahili? Hapana. Wodini wote wanasema mpira, na wote wanaelewana. Je, mzee alikuwa mjinga? Hapana kabisa. Alilisikia neno kama linavyosemwa nje ya wodi. Kilichokosekana ni kile kidogo tu: "wa mkojo".

Walimu wangu, angalieni kazi ya hicho kidogo. Mpira wa maji. Mpira wa gesi. Mpira wa pete. Mpira wa kikapu. Mpira wa wavu. Mpira wa manati. Mpira wa mkojo. Mipira ya kiume na mipira ya kike. Kiswahili hakikuhitaji kuazima neno jipya kwa kila kitu kilichokuja na meli au ndege. Kilichukua mpira kikauongezea "wa". Tunaifundisha "wa" kama kiunganishi cha kukariri, tunaipigia mstari ubaoni, tunafuta. Lakini pale kitandani ilikuwa tiba! Mtoto akijua kwamba neno lenye kazi nyingi linahitaji mwenzake pale msikilizaji anapotoka mahali pengine, huyo mtoto atakuwa muuguzi bora, fundi bora, mwandishi bora.

Na hili la mipira ya kiume. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walithibitika mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka ya elimu iliyofuata, neno mpira lilibeba mzigo mzito sana. Neno kondomu lilikuwepo, lakini si kila mzazi, si kila shangazi aliweza kulitamka mbele ya vijana. Mpira ulitamkika. Hiyo ndiyo tasfida, walimu, kulainisha neno zito, ile tunayoifundisha kwa mifano ya kujifungua na kwenda haja. Naamini kabisa kwamba kuna maisha yaliyookolewa kwa sababu wazee walikuwa na neno ambalo wangeweza kulisema bila kuinamisha vichwa. Kwa hiyo darasani watoto wakubwa wakicheka, tusipige fimbo mezani. Tuwaambie, kwa lugha ya darasa lao, kwamba neno hili lina kazi hiyo pia, na ni kazi ya heshima. Tuendelee na somo.

Kuna mtoto aliandika katika zoezi la kutunga sentensi: "Baba ameufunga mpira kwenye bomba." Akawekewa alama ya kosa. Mwalimu alitegemea bao. Sasa niambieni, kosa liko wapi? Ngeli iko sawa, kitenzi kiko sawa, na kazi ya baba ni hiyo: anafunga mipira kwenye mabomba, ndiyo inayomlipia mtoto daftari. Alama ile ilimwambia kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao si Kiswahili. Jambo hili linaniuma, na nitalisema popote nitakapopewa kipaza sauti.

Nipite haraka kwa ndugu wa mpira, maana muda unakimbia.

Tufe. Hili ndilo neno la hisabati kwa umbo la mviringo lililojaa pande zote. Watoto wengi wanalijua kutoka riadha, kutupa tufe, lile la kilo 7.26 kwa wanaume na kilo 4 kwa wanawake. Tuwaunganishie. Na tuache kuwaambia kwamba dunia ni duara kisha tukaishia hapo. Duara unalichora kwenye karatasi. Chapati ni duara, tonge ni tufe. Dunia ni tufe, tena lililobonyea kidogo: kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 12,756, na kutoka ncha hadi ncha ni 12,714.

Kuna jaribio nawaomba mlifanye. Tafuta kopo na mpira unaoingia humo ukagusa kuta zote. Kata kopo kimo chake kiwe sawa na kipenyo cha mpira. Lijaze maji mpaka pomoni, kisha uzamishe mpira wote taratibu. Maji yatamwagika. Yatakayobaki ni theluthi moja, kwa sababu tufe huchukua theluthi mbili za mcheduara, yaani lile umbo la kopo, unaolizunguka. Aliyethibitisha hilo ni Archimedes wa Syracuse, na aliliona bora kuliko kazi zake nyingine, hata akataka tufe na mcheduara vichongwe kwenye kaburi lake. Aliuawa na askari wa Kirumi mwaka 212 kabla ya Kristo. Miaka zaidi ya mia baadaye, Cicero alilitafuta kaburi hilo, watu wa mji wenyewe wakiwa wamelisahau, akalitambua katikati ya vichaka kwa sababu ya lile tufe.

Gololi ni za watoto mchangani na ni za fundi ndani ya beringi. Donge ni la unga, ni la damu, ni la husuda linalomkaa mtu rohoni, na katika kurasa za michezo ni donge nono, fedha za usajili. Donge dogo ni kidonge, mnachonunua duka la dawa. Kila moja ya hayo linastahili asubuhi yake.

Basi ombi langu ni hili. Kila mwalimu arudi na daftari moja la darasa zima. Kila wiki neno moja la kawaida. Watoto waulize nyumbani: fundi baiskeli, bibi, mama ntilie, mlinzi, muuguzi anayeishi nyumba ya pili. Waandike sentensi nzima kama ilivyosemwa, wasiandike maana peke yake, na pembeni waandike ilisemwa wapi. Mwalimu wa Mbagala na mwalimu wa Kawe watapata sentensi tofauti, na hizo ndizo nazitaka. Wazazi, mtoto akija na swali hilo jioni, msimfukuze. Mwambieni neno hilo kazini kwenu linafanya nini.

Tukutane hapa mwisho wa muhula, mje na madaftari. Kwa neno la kuanzia napendekeza donge, kwa sababu leo nimeligusa tu. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nasikiliza maswali, na yule mama wa mpira wa bustani aanze, mkono wake uko juu muda mrefu.